JINA TUNALOMPA JIRANI

Masomo: Kutoka 20:16, Yona sura ya 4, Luka 10:25–37, Yohana 8:48



Amri ya tisa yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Wengi wetu tukiisikia amri hiyo twafikiri habari za mahakamani, na kwa kuwa hatujaitwa kuwa mashahidi mbele ya hakimu, twajiona tumeishika. Lakini ushahidi wa uongo hausemwi mahakamani tu. Husemwa kisimani, husemwa mnadani, husemwa kwenye mtungi wa pombe, na, Mungu atusamehe, husemwa hata nje ya mlango wa kanisa baada ya ibada. Na uongo ulio mwepesi kuliko wote ni kumpa jirani jina ambalo si lake, hasa tunapotaja namna anavyomwomba Mungu.

Nataka tuitafakari amri hii kwa kuwatazama watu wa namna mbili. Wa kwanza wako mbali sana, na wengi wenu labda hamjapata kuwasikia. Wa pili twakutana nao kila siku ya mnada.

WATU WA NCHI YA NINAWI

Katika kaskazini ya Iraki, karibu na mji wa Mosul, wako watu waitwao Wayazidi. Ng'ambo ya mto Tigri, mkabala na Mosul ya kale, ndipo penye magofu ya Ninawi, ule mji aliotumwa nabii Yona. Wayazidi husema Kikurdi. Idadi yao duniani hukadiriwa kuwa chini ya milioni moja. Makao yao ya zamani ni wilaya ya Sheikhan na mlima wa Sinjar, na mahali pao patakatifu ni bonde la Lalish, penye kaburi la Sheikh Adi, mcha Mungu aliyefariki miaka ya 1160. Myazidi akiingia Lalish huvua viatu na kutembea peku. Iko chemchemi humo waiitayo nyeupe, ambamo watoto wao hubatizwa kwa maji.

Wayazidi wanamwamini Mungu mmoja aliyeumba vitu vyote. Wanasema Mungu aliukabidhi ulimwengu kwa malaika saba, na mkuu wao ni Tausi Melek, yaani Malaika Tausi. Tausi ni yule yule ndege tunayemwita kwa jina hilo. Mtu hazaliwi nje akaingia katika dini yao: Myazidi ni yule aliyezaliwa na baba Myazidi na mama Myazidi. Mafundisho yao mengi yamehifadhiwa katika nyimbo, kwa vinywa vya waimbaji, mzee akimfundisha kijana. Siku yao ya heshima ni Jumatano, na mwezi wa Aprili husherehekea mwaka mpya kwa mayai ya kupakwa rangi.

Basi majirani zao walisikia habari za malaika huyo, wakakumbuka hadithi ya malaika aliyekataa kumsujudia Adamu akafukuzwa mbinguni. Wakasema, "Huyo ndiye Shetani. Hawa ni waabudu shetani." Wayazidi wenyewe hawasemi hivyo hata kidogo. Jina Shetani hawalitamki. Lakini nani aliwauliza? Jina lile liliandikwa vitabuni, likasemwa na watawala, likarudiwa na wasafiri, hata likawa kama ukweli.

Jina baya halikai bure. Kwanza huondoa heshima, kisha huondoa haki, mwisho huondoa uhai. Mwaka 1832 mtawala wa Rawanduz aliwashambulia Wayazidi wa Sheikhan. Walikimbilia Mosul, wakakuta daraja la mashua limeondolewa kwa sababu ya mafuriko ya mto. Wengi wao waliuawa pale pale, juu ya kilima cha Ninawi, wakiwatazama watu wa mji ng'ambo ya maji. Wayazidi huyahesabu maangamizi yao kama sisi tunavyohesabu miaka ya njaa, nao hutaja sabini na zaidi.

JIRANI ALIYEITWA SHETANI

Sasa sikilizeni jambo moja la kututia haya sisi Wakristo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, tangu mwaka 1915, Wakristo wa Armenia na wa Ashuru waliuawa kwa maelfu katika dola ya Waturuki. Waliosalia walikimbia huku na huku, na baadhi yao walifika mlima wa Sinjar wakiwa na njaa na vidonda. Nani aliwapokea? Wayazidi. Mkuu mmoja wao, Hamo Sharro, aliwapa mahali pa kukaa. Jeshi lilipodai Wakristo hao watolewe, alikataa, akaona ni heri vita kuliko kuwasaliti wageni wake.

Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, hakutoa maelezo ya dini. Alitoa mfano wa Msamaria, mtu ambaye Wayahudi walimwona ana ibada iliyopotoka. Kuhani alipita, Mlawi alipita, yule mpotovu akashuka kwenye mnyama wake. Waliolelewa kanisani tangu utoto tumeuzoea mfano huu mpaka hautuchomi tena. Mwambieni Mkristo wa Ashuru, ambaye bibi yake alilishwa mkate na "mwabudu shetani", asome Luka sura ya 10. Huyo ataelewa.

Tena tukumbuke ya kwamba Bwana mwenyewe aliitwa majina hayo. Katika Yohana 8:48 wanamwambia kuwa yeye ni Msamaria na ana pepo. Na Wakristo wa kwanza katika dola ya Rumi walisingiziwa kuwa wanakula nyama ya watu, kwa sababu watu wa nje walisikia habari za Mwili na Damu wasiulize maana yake. Meza ile ile ya Bwana tunayoijongea Jumapili iliwahi kuitwa karamu ya wauaji. Sisi tulio wana wa kanisa lililosingiziwa hivyo, yatupasa kuogopa sana kumsingizia mwingine.

MWAKA 2014

Tarehe 3 Agosti 2014 kundi lililojiita Dola ya Kiislamu liliingia Sinjar. Kundi hilo lilikuwa limekwisha kuwafukuza Wakristo wa Mosul mwezi wa Julai, likiziandika nyumba zao herufi moja ya Kiarabu kuwa alama. Wakristo waliambiwa wasilimu, au walipe kodi, au waondoke, la sivyo wauawe. Wayazidi hata nafasi ya kulipa kodi hawakupewa, kwa sababu walihesabiwa kuwa waabudu shetani. Jina lile la kale ndilo lililokuwa hukumu. Maelfu ya watu waliuawa, na maelfu wengine walikwama mlimani bila maji katika jua kali. Wanawake na watoto zaidi ya elfu sita walichukuliwa mateka, na wengi wa wanawake na wasichana wakauzwa sokoni kama mbuzi. Mwaka 2016 tume ya Umoja wa Mataifa ilitamka kwamba hayo yalikuwa mauaji ya kimbari. Yafaa niseme pia, ili nami nisimshuhudie jirani uongo, ya kwamba Waislamu wengi sana waliyalaani matendo hayo.

Kuuza watu sokoni! Sisi wa Afrika Mashariki twalijua jambo hilo. Yuko padre mmoja wa Kanglikana, George Percy Badger, aliyewatembelea Wayazidi katika miaka ya 1840, akaandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1852. Padre huyo huyo alikuja Unguja mwaka 1873 pamoja na Bartle Frere, katika ujumbe wa kudai biashara ya watumwa ikomeshwe. Tarehe 5 Juni mwaka huo Sultani Barghash alitia sahihi mkataba, soko la watumwa likafungwa, na mahali pale Mkunazini pakajengwa Kanisa Kuu la Kristo. Tulidhani soko la namna hiyo limezikwa chini ya altare. Miaka 141 baadaye likafunguliwa tena, na waliouzwa walikuwa wana wa watu wale wale Badger aliowaandika.

Mmoja wa waliochukuliwa ni Nadia Murad wa kijiji cha Kocho. Alitoroka, akausimulia ulimwengu yaliyowapata. Mwaka 2018 alipewa Nishani ya Nobel ya Amani pamoja na daktari wa Bukavu, Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, ambaye katika hospitali ya Panzi amewatibu maelfu ya wanawake walioharibiwa vitani katika mashariki ya Kongo. Mwanamke wa Ninawi na mganga wa Kivu walisimama pamoja kwa sababu walibeba jeraha moja.

Nawaomba mkumbuke na jambo hili. Zamani, kwa desturi ya Wayazidi, mwanamke aliyeolewa na mtu wa dini nyingine, hata kama ni kwa nguvu, hakuweza kurudi kwao. Mateka walipoanza kutoroka waliogopa kurudi nyumbani kama walivyoogopa kukamatwa tena. Ndipo mwezi wa Septemba 2014 mkuu wao wa dini, Baba Sheikh Khurto Hajji Ismail, mzee wa zaidi ya miaka themanini, alitangaza kwamba wanawake hao hawana hatia na wapokewe kwa heshima. Wakapelekwa Lalish, wakaoshwa kwa maji ya chemchemi ile nyeupe, wakarudi kwa watu wao. Kwa watoto waliozaliwa na watekaji mambo yamebaki kuwa magumu, na wako akina mama waliolazimika kuchagua kati ya mtoto na ukoo. Lakini mzee yule alivunja desturi ya miaka mingi kwa ajili ya wasichana. Sisi tunaojiita watu wa neema, binti wa kwetu aliyeharibiwa akirudi nyumbani na mtoto mgongoni, anakuta nini? Anakutana na chemchemi, au anakutana na midomo ya watu?

HAPA KWETU

Turudi sasa Mbulu na Hanang. Nchi yetu ni ya ajabu. Wataalamu wa lugha husafiri kutoka mbali kuja kuitazama, kwa sababu katika eneo hili dogo zimekutana lugha za jamaa zote kubwa za Afrika: sisi Wairaqw tu wa jamaa ya Wakushi, Wadatoga ni Waniloti, Wanyisanzu na Warangi ni Wabantu, na Wahadzabe wa Yaeda na Ziwa Eyasi lugha yao ya vidoko haina ndugu anayejulikana.

Watu wa Tanzania wengi huwaita Wadatoga, na hasa Wabarbaig wanaouzunguka mlima Hanang, kwa jina la Wamang'ati. Jina hilo latoka kwa Wamasai, na maana yake ni adui. Fikirini! Mtoto anaitwa adui na mwalimu, na karani, na jirani, tangu siku ya kwanza ya shule. Katika miaka yangu ya kuwafundisha walimu chuoni niliwaambia daima kwamba rejista si daftari tu. Ukiandika jina la mtoto unamwambia yeye ni nani. Vivyo hivyo Wahadzabe waliitwa Watindiga. Hata sisi twaitwa Wambulu na wengine, na twajua jinsi inavyochosha kumsahihisha mtu.

Na je, ibada yao? Nimesikia Mkristo akisema Wabarbaig hawana Mungu. Huo ni uongo. Wanamjua Muumba, wanamwita Aseeta, na neno hilo ni jina la jua pia. Wazee wetu sisi walimwomba Looaa, wakimtaja kama mama, na jua likiwa karibu sana na jina lake. Wakazihofu roho za majini ziitwazo netlangw. Ilikuwa rahisi kwa mgeni kutusikia asubuhi akaandika kwamba twaabudu jua. Tulichukia? Basi tusifanye vivyo hivyo.

Mzee mkubwa wa Wabarbaig akifa, aweza kufanyiwa bung'eda. Kilima cha udongo huinuliwa juu ya kaburi lake, pombe ya asali hupikwa, na kazi hiyo huendelea miezi kadhaa, hata tisa, muda wa mtoto tumboni. Watu hutoka mbali sana kuja. Wanawake wao wana baraza lao wenyewe lenye mamlaka ya kumtoza faini mwanamume aliyemkosea mwanamke, na mwanamume huilipa. Ni wangapi kati ya wanaume wa mtaa huu wangesimama salama mbele ya baraza hilo?

Wabarbaig nao walikwisha kuona yaletwayo na jina baya. Wamasai waliwasukuma kutoka nyanda za Ngorongoro katika karne ya 19. Wadachi waliwanyonga wakuu wao. Katika miaka ya 1970 na 1980 shirika la serikali la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima ngano katika nyanda za Basotu, mashamba saba, na kwa jumla zilichukuliwa ekari zipatazo laki moja za malisho mazuri kuliko yote. Makaburi ya bung'eda yalipitiwa na matrekta. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani mwaka 1981, kikapata ushindi Mahakama Kuu, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu. Baadaye sana, baadhi ya mashamba yalirudishwa kwa vijiji. Mkate ni kitu chema, na taifa lilihitaji ngano. Lakini nani angethubutu kupitisha jembe juu ya makaburi ya kanisa letu? Palimika kwa urahisi kwa sababu ilisemwa kwamba hao ni watu wa kuhamahama, hawana kwao, na vile vilima ni udongo tu.

Wala tusiwaachie serikali peke yao. Sisi Wairaqw tumeongezeka, tumeshuka kutoka milima ya kwetu, na mengi ya mashamba tunayolima leo yalikuwa malisho ya Wadatoga. Siwafichi pia ya upande wa pili: ng'ombe wameibwa, mikuki imetumika, na wako wajane kati yetu kwa sababu hiyo. Sisemi kwamba yasahauliwe. Nasema yahesabiwe kwa haki.

YATUPASA NINI?

Wako watakaouliza, "Je, Mwalimu anatuambia dini zote ni moja?" Sivyo. Kristo ni Bwana, na kazi ya kumtangaza haijaisha. Lakini mtazameni Paulo kule Athene, Matendo sura ya 17. Kwanza aliuzunguka mji, akazitazama ibada zao, akaisoma hata madhabahu ya Mungu wasiyemjua. Ndipo akahubiri. Anayehubiri kabla ya kutazama hamshuhudii Kristo. Anamsingizia mtu kwanza, kisha anataka mtu huyo huyo amsikilize.

Basi nashauri haya manne. Kwanza, tuwaite watu kwa jina wanalojiita: Wadatoga, Wabarbaig, Wahadzabe. Wazazi na walimu wa shule ya Jumapili waanze, kwa maana mtoto hurithi jina la tusi kama anavyorithi shamba.

Pili, kosa liitwe kwa jina la aliyelitenda. Ng'ombe akipotea tusiseme "Wamang'ati wameiba". Kama mwizi ajulikana, atajwe yeye, polisi wapelekewe yeye. Kama hajulikani, tunyamaze mpaka ajulikane. Vilio vingi vya nchi hii vilianza kwa neno moja la wingi.

Tatu, msiba ukitokea kwa jirani asiyebatizwa, twende. Mwezi wa Desemba 2023 tope liliposhuka kutoka mlima Hanang likaua watu zaidi ya themanini Katesh na vijiji vya karibu, tuliokota maiti na kulia pamoja, pasipo kuulizana cheti cha ubatizo. Tusingoje tope jingine. Na kilima cha bung'eda kikiwa mpakani mwa shamba lako, jembe lako ligeuke hapo.

Nne, binti aliyerudi nyumbani na aibu asiyoifanya apokewe, kanisani na mezani.

Mkumbukeni Yona. Alikaa nje ya Ninawi akiwa na hasira, akingoja kuona watu asiowapenda wakiangamia, akahuzunikia mmea uliokauka. Mungu akamwuliza kama haimpasi Yeye kuuhurumia mji ule mkubwa, wenye watu zaidi ya laki moja na ishirini elfu wasiojua mkono wa kulia wala wa kushoto, na wanyama wengi pia. Sisi wafugaji twaisikia vema sehemu ile ya mwisho: Mungu alihesabu hata ng'ombe wa wageni. Kitabu chaishia hapo, kwa swali. Jibu la Yona halikuandikwa. Latakiwa kwetu.

Tuombe. Ee Mungu, Baba wa jamaa zote, uliyemjua kila mtu kwa jina lake kabla hajazaliwa: ulinde ulimi wetu tusimwue jirani kwa neno. Warudishe nyumbani wote ambao bado wako utekani, wafariji wajane wa Sinjar, wa Kivu na wa Hanang, na utupe kumwona Mwanao katika uso wa yule tuliyemwita adui. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mwalimu mstaafu, Gehandu